Walioruka Matuta ya Maharage

Siku mliyoniaga pale ukumbini, baada ya pilau na hotuba, yule binti aliyechukua meza yangu alinifuata nje akaniomba nimwandikie kurasa chache kuhusu makundi ya watu. Alisema chuoni mada hiyo walipewa saa moja tu, na mwezi wake wa kwanza kazini ameshaitwa kwenye shule ambako wasichana wanaanguka ovyo darasani. Nilimwambia nitajaribu. Imenichukua miezi mitano, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika habari za matunzo ya watoto na ndoa zilizovunjika, ambazo ndizo zilizokula miaka yangu mingi ya ustawi wa jamii. Mambo ya vyeo vyangu sitayagusa. Yamo kwenye jalada langu masjala, na hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya watu waliokasirika.

Niliripoti Lushoto asubuhi ya mvua, nikitokea chuoni Dar es Salaam, ingawa mimi ni mzaliwa wa Malindi ya Usambara, huko huko milimani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya wilaya: meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, na dirisha lililotazama mikaratusi. Kwenye meza ya pili alikaa Mzee Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza, mwembamba, aliyevaa sweta la kahawia hata jua likiwaka. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hiyo hiyo aliniuliza nimejifunza nini huko chuoni, nami nikamjibu kwa fahari yote ya mtu ambaye cheti chake bado hakijakunjwa.

Nilimweleza nadharia za makundi, kwa sababu ndizo nilizozipenda. Nilimwambia kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita, huko Ulaya, baada ya mapinduzi na migomo, wasomi walianza kuandika kuhusu kundi kana kwamba ni mnyama. Mtu mwenye busara akiingia humo, walisema, akili yake inazimika, anaambukizwa hisia za wenzake kama mafua, na anatenda asichoweza kukitenda peke yake. Wakaja wengine wakakataa: kundi halimbadilishi mtu, linawakutanisha tu wale ambao tayari walikuwa na jambo hilo moyoni. Wengine wakasema watu wakiwa kwenye sintofahamu huzungukazunguka, huulizana, hunong'onezana, na katika kunong'onezana huko hutunga papo hapo kanuni mpya ya lililo halali. Na wa karibuni zaidi walisema mtu hapotezi nafsi yake kwenye kundi. Anaacha tu kuwa fulani wa fulani, anakuwa mmoja wa "sisi", na anafanya anachodhani "sisi" tunapaswa kufanya.

Mimi niliishikilia ile ya kwanza. Ilikuwa rahisi kuikumbuka kwenye mtihani. Mhadhiri wetu alituambia kuwa watawala wa kikoloni nao waliipenda, ila kwa sababu nyingine: ukishamwita mgomaji mgonjwa, huna haja ya kumwuliza anadai nini.

Mzee Mhina alisikiliza huku akimenya peasi kwa kisu kidogo. Nilipomaliza aliniuliza hao walioandika hayo walikuwa wamesimama wapi walipokuwa wakiyatazama makundi hayo. Nikasema sijui, labda dirishani. Akasema yeye pia anadhani hivyo, akanipa kipande cha peasi, akanionyesha mahali pa kutundika mwavuli.

Vitendea kazi vyake vilikuwa vichache. Buti za mpira, kwa sababu njia za Usambara zikinyeshewa hazina heshima kwa kiatu cha ofisini. Daftari la kaunta lenye jalada gumu. Penseli, kamwe si kalamu, maana wino ukilowa ushahidi wa siku nzima unakuwa doa la bluu. Na swali moja. Palipotokea vurugu, wengine wote walikwenda wakiuliza nani amefanya. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa na mtu mmoja mmoja, akamwuliza alikuwa amesimama wapi. Alikuwa anachora. Nyumba hapa, mti pale, msalaba mdogo kwa kila mtu. Alisema mtu anaweza kudanganya kuhusu alichofanya bila kutikisika, lakini kuhusu mahali alipokuwa amesimama huwa anasahau kudanganya.

Kundi la kwanza nililoliona naye lilikuwa sokoni, siku ya gulio. Vijana walikuwa wamemzingira mwenzao aliyedaiwa kuchukua simu ya mchuuzi wa kabichi, na wawili walikwisha kuokota mawe. Nilimwangalia Mzee Mhina nikitarajia apaze sauti. Aliingia polepole katikati yao, akasimama mbele ya yule mwenye jiwe kubwa, akanyamaza. Alikuwa anasubiri salamu. Mnajua jinsi mambo yalivyo huku kwetu: kijana hawezi kusimama uso kwa uso na mzee bila kuamkia, mikono yake iwe na nini. Yule kijana alihangaika kidogo, kisha akasema shikamoo. Mzee Mhina akaitikia marahaba, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani, na baba mguu umepona? Akageuka kwa wa pili, akasubiri tena. Alipofika kwa wa tano mawe yote yalikuwa chini na mchuuzi alikuwa anaona aibu. Tulirudi ofisini kwa miguu, nami nikaandika kwenye daftari langu, kwa herufi kubwa, SHIKAMOO. Niliona nimepata ufunguo.

Nilifanya naye kazi hivyo kwa miaka kumi na moja. Sasa nije kwenye ule wa kumi na mbili.

Katika kata moja ambayo sitaitaja, kulikuwa na shule ya sekondari iliyojengwa kwa nguvu za wananchi, na hosteli ya wasichana iliyovuja. Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha pili, msichana mmoja aliyeitwa Neema alianguka mstarini asubuhi, akatetemeka na kupiga kelele. Kesho yake wakaanguka watatu. Kufikia mwisho wa wiki karibu nusu ya darasa ilikuwa chini kila asubuhi, viatu vimetoka, wanafunzi wa kiume wakiwashika miguu. Mchungaji alikuja kuomba. Kuna mzazi alileta mganga, akafukuzwa, akaja tena kupitia nyuma ya jiko. Mkuu wa shule, mtu wa Tanga mjini aliyekuwa hajazoea hata baridi yetu, alipiga simu wilayani.

Mzee Mhina alikuwa Tanga kwa matibabu ya macho. Nilikwenda mimi. Nilikuwa najua la kufanya, maana tulikwisha kulifanya mara mbili shule nyingine: kuwatenganisha, kuongea na mmoja mmoja, kuwauliza wanalalaje, wanaota nini, nani anaumwa nyumbani. Linachukua siku mbili au tatu. Lakini gari la idara lilikuwa moja, na dereva aliniambia linatakiwa kurudi kabla ya saa sita kumpeleka mkubwa Mombo. Nilikuwa na saa moja na nusu.

Nikasimama mbele ya darasa zima. Nikawaambia wasiogope, kuna sababu ya kila kitu, pengine ni chakula. Kisha nikauliza: "Ile siku ya kwanza, kabla ya kuanguka, mlikuwa mmekula nini, na mlikipata kwa nani?"

Wasichana walitazamana. Nikamgeukia Neema, kwa kuwa ndiye wa kwanza, nikamrudia swali kwa upole. Aliinamisha kichwa akasema, "Viazi vya Mama Zawadi."

Nikafungua daftari nikaandika. Bado nayaona macho yote yakifuata penseli. Mmoja akasema hata yeye alikula. Mwingine akasema vilikuwa na ladha ya uchungu. Wa tatu akasema Mama Zawadi aliwahi kumtazama vibaya. Nikaandika yote.

Mama Zawadi alikuwa mjane wa umri wa kama miaka sitini, aliyetoka Magoma, chini kule, akaolewa milimani na kubaki huko baada ya mume kufa. Aliuza viazi vya kuchemsha na pilipili ya kusaga kwenye lango la shule wakati wa mapumziko. Alikuwa mkali. Aliyesukuma foleni alirudishwa nyuma, na alikuwa na fimbo ya kuchora mstari ambao hakuna aliyetakiwa kuuvuka. Kishambaa chake kilikuwa na lafudhi ya bondeni, watoto walikuwa wakimwigiza. Mwanawe wa pekee, huyo Zawadi, aliolewa huko huko Magoma.

Kabla sijapanda gari nilimshauri mkuu wa shule amsimamishe kuuza kwa siku chache, hadi bwana afya apime vile viazi. Ulikuwa ushauri wa kawaida kabisa, ungeweza kuukuta kwenye mwongozo wowote. Asubuhi iliyofuata aliutangaza mstarini, mbele ya shule nzima: kwa maelekezo ya wilaya, Mama Zawadi haruhusiwi kusogelea lango. Saa nne wasichana walipoanguka, walianguka wakilitaja jina lake.

Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, mtendaji wa kata alinipigia simu. Alisema watu wanakusanyika kwenye uwanja wa mpira, polisi ameshawapa taarifa, lakini mimi wananifahamu, nije haraka. Nilimkuta dereva anaosha gari. Tuliondoka na sabuni bado iko kwenye kioo. Nilikuwa nawaza njiani kwamba nikiwahi nitasimama mbele yao nisubiri salamu.

Niliwahi. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe, sikuchelewa. Nyumba ya Mama Zawadi ilikuwa chini ya barabara, unaifikia kwa kijia kinachopita kati ya mashamba ya maharage, na nilisimama katikati ya kijia hicho wakati wao wanateremka. Hawakuwa wanakimbia wala kuimba. Walikuja kwa mstari mmoja, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba, na waliponifikia walitoka pembeni kunipita. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Niliwaona wakinyanyua miguu, akina mama wakishika kanga zao juu, wakiruka tuta moja baada ya jingine wasikanyage.

Wa kwanza aliniambia, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Nikamwuliza anakwenda wapi, akasema samahani mama, naomba nipite. Wa pili naye akaamkia. Niliwaita kwa majina, maana zaidi ya nusu niliwajua: mzee wa kanisa, mwanamke niliyemsaidia kupata matunzo ya mtoto, vijana wapakiaji wa viazi, fundi seremala Elia. Wote waliitika. Mmoja aliniuliza hali ya nyumbani. Sijawahi kusalimiwa kwa heshima kama nilivyosalimiwa asubuhi ile, na hakuna aliyesimama.

Nilimshika mkono mama yake Neema. Nikamwambia warudi, vipimo vya viazi havijatoka. Alinitazama bila hasira yoyote.

"Tunakwenda kumwuliza tu," akasema. "Kama wewe ulivyouliza."

Akautoa mkono wake taratibu akaruka tuta.

Nikawafuata. Walipofika uani, kijana mmoja alifungua banda akawatoa mbuzi wawili, akawafunga kwenye mti wa peasi, mbali na nyumba. Mwingine aliondoa nguo kwenye kamba za jirani. Nilipoona hivyo nikajua hawakuja kuuliza. Mama Zawadi alitoka mwenyewe, ameshika ufagio. Mzee wa kanisa alimwuliza amewafanya nini watoto. Alimjibu, nitaeleza baadaye alivyomjibu. Kukawa na kunong'ona kwa muda, kama dakika tatu hivi, watu wakigeukiana, na nilisikia sauti ya mwanamke ikisema wilaya yenyewe imemwandika. Nikapiga kelele kwamba hapana. Elia akaokota kipande cha tofali. Nilimwona, sikuwa mbali.

Wanawake wawili walinishika mabega. Walinishika vizuri, kama unavyomshika mfiwa, wakaniambia mama, utaumia, na wakanigeuza nitazame mlima. Nilijitahidi kujinasua nikashindwa. Yaliyobaki niliyasikia. Hayakuchukua muda mrefu. Waliponiachia, nyumba ilikuwa inawaka, na jirani alikuwa anamwagia maji paa lake.

Polisi walifika baada ya nusu saa. Njiani waliwakuta watu wanapalilia.

Mzee Mhina alirudi juma lililofuata, macho yake yamefungwa kitambaa upande mmoja. Tukaenda nyumba kwa nyumba, mimi nikichora kwa kuwa yeye haoni vizuri. Tulitumia siku tisa. Tulimwuliza kila mtu lile swali, na kwa mara ya kwanza nililiona likishindwa, maana wote walikuwa wamejiandaa. Mzee wa kanisa alisema alikuwa nyuma. Mama Neema alisema alikuwa nyuma, karibu na mbuzi. Wapakiaji walikuwa nyuma, wanawake walionishika walikuwa nyuma. Jioni ya siku ya tisa tuliutandaza mchoro mezani. Misalaba yote ilikuwa imerundikana pembeni, na kumzunguka Mama Zawadi palikuwa na karatasi nyeupe tupu. Kwa mujibu wa mchoro wetu aliuawa na uwanja wa nyumba yake.

Sasa niseme kuhusu taarifa, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kumwambia yeyote kati yenu. Mkoa ulitaka taarifa ya chanzo cha tukio. Niliiandika mimi. Niliandika kwamba marehemu alishambuliwa na wananchi wenye hasira kali. Mnalijua neno hilo, liko kwenye kila gazeti. Ni kabila pekee nchini lisilo na kijiji wala jina la mtu. Kisha nikachota kutoka kwenye makabrasha yangu ya chuo. Nikaandika kwamba hisia za hofu zilisambaa kwa njia ya maambukizo, kwamba katika hali hiyo uwezo wa mtu mmoja mmoja kufikiri hutoweka, na kwamba tukio kama hilo halitabiriki. Niliwaona wameruka maharage. Niliwaona wamehamisha mbuzi. Na bado niliandika kwamba hawakuwa wanafikiri, kwa sababu kama walikuwa wanafikiri basi walifikiri juu ya kitu fulani, na kitu hicho kilikuwa kimeandikwa kwa penseli kwenye daftari langu. Swali langu halikuwemo kwenye taarifa. Niliandika tu kuwa "uvumi ulizuka shuleni".

Mzee Mhina alisomewa taarifa hiyo na karani. Akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Rehema, na wewe humu umesimama wapi?"

Alinisubiri muda mrefu, kisha akaisukuma upande wangu bila kuiwekea saini. Niliisaini peke yangu nikaituma. Alistaafu mwaka huo, akarudi kwao, na akafariki kabla sijapata ujasiri wa kumwandikia.

Elia alishitakiwa pamoja na wengine wawili. Nilikwenda kutoa ushahidi, nikasema nilichoona. Wakili wao aliuliza kama nilishuhudia tofali likirushwa, nikasema nilimwona akiliokota, kisha niligeuzwa. Hapakuwa na shahidi mwingine hata mmoja. Waliachiwa. Elia bado anatengeneza milango. Baadhi ya ofisi zenu zina kazi ya mikono yake, na ni fundi mzuri.

Wasichana waliacha kuanguka shule ilipofungwa. Watu wengi huko wanaamini hadi leo kwamba waliacha kwa sababu ya kilichofanyika.

Miaka sita baadaye Neema alikuja ofisini. Alikuwa na mtoto mgongoni na shauri la kawaida la matunzo. Tulipomaliza hakuondoka. Alisema siku ile ya kwanza hakuwa amekula kitu chochote. Walikuwa hawalali kwa sababu ya matone ya mvua, alikuwa amesoma hadi alfajiri, alisimama mstarini tumbo tupu, kizunguzungu kikamshika, na alipozinduka akajisikia mwenyewe anapiga kelele. Nikamwuliza kwa nini basi alitaja viazi.

"Uliuliza kwa nani," akasema. "Nikaona lazima awe mtu."

Nilimwambia hakuwa na kosa, alikuwa mtoto. Akalia, nami nikamshikia mtoto wake.

Tangu hapo nilibadili nilivyofanya kazi, na hapa nafika kwenye ulichoniomba, binti yangu. Ukiitwa kwenye shule ya namna hiyo, usikubali gari lenye haraka. Panda basi ulale huko huko. Usiulize swali lolote mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Usiulize nani. Uliza wanalala wapi, paa linavuja, mtihani ni lini, nani kafiwa. Daftari liache kwenye mkoba, uandike ukiwa peke yako. Waite akina mama waje kulala hosteli siku mbili tatu. Watalalamika kuhusu magodoro, na malalamiko hayo yatakusaidia kuliko dawa yoyote. Mwombe mkuu wa shule asitangaze jambo mstarini. Nimefanya hivyo kwenye shule nne, na huko walianguka, wakaamka, wakafanya mtihani. Hakuna aliyeandika gazetini kuhusu shule hizo, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu nadharia, zisome zote. Nilipokomaa kazini nilizisoma upya na nikaona ile ya tatu, ya watu wanaonong'onezana hadi wakatunga uhalali wao, inakaribiana sana na zile dakika tatu za uani. Ile ya nne, ya "sisi", inaeleza kwa nini waliniamkia na kupita. Lakini ukiona nadharia yoyote inakutuliza, jiulize imemtuliza nani mwingine kabla yako. Siku hizi kundi linaanzia kwenye simu, ujumbe wa sauti unazunguka kata nzima kabla hujafunga kamba za viatu, na aliyeutuma wa kwanza naye atakwambia alikuwa nyuma.

Wiki tatu kabla ya kustaafu niliteremka Mombo, nikachukua basi la Korogwe na kutoka hapo jingine hadi Magoma. Kumpata Zawadi hakukuwa kazi. Niliuliza watu wawili tu. Alikuwa mwanamke wa makamo sasa, anatwanga kisamvu mbele ya nyumba. Aliniamkia, akanipa kigoda. Nilimwambia jina langu na kazi yangu, kisha nikamwambia kwamba swali lililofanya mama yake atajwe nililiuliza mimi, mbele ya darasa, nikiwa na haraka, na kwamba jibu nililiandika, na kwamba kwenye taarifa swali hilo nililificha. Mchi ulikuwa bado mkononi mwake. Aliuweka chini kwa uangalifu.

Nilitegemea aniulize kwa nini. Akaniuliza kitu kingine.

"Walipomwuliza, mama alijibu nini?"

Alisema kwa miaka yote hiyo amewauliza watu wa kule, na kila mmoja alimwambia hakusikia, alikuwa mbali.

Mimi nilisikia. Nikamwambia. Mama yake alimtazama mzee wa kanisa akasema: "Viazi nachemsha sufuria moja na vyangu. Ninakula kabla ya watoto wenu, na nimesimama hapa mnaniona." Kisha akasema mbuzi wasifungwe kwenye mpeasi, watakula magome.

Zawadi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasimama, akaniambia nisubiri, akaenda nyuma ya nyumba na nikamsikia akiita. Walikuja watu kutoka mashambani na nyumba za jirani, wajomba na watoto wa wajomba, wengine na majembe yao, nadhani walifika ishirini. Walisimama kunizunguka. Waliamkia, wale waliopaswa kuamkia, nami nikaitikia, na nilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba salamu haizuii kitu. Zawadi akasema nianze tangu mwanzo, nisiruke.

Nikaanza na gari lililotakiwa kurudi kabla ya saa sita. Nikaeleza swali, penseli, tangazo la mstarini, matuta, tofali, na jinsi nilivyogeuzwa nitazame mlima. Nikasema jina la Elia. Nikasema alichojibu mama yake Zawadi. Mzee mmoja aliyekuwa kaka wa marehemu alifunika uso wake kwa kofia. Hakuna aliyenigusa, wala aliyeniambia pole au ahsante. Nilipomaliza, yule mzee aligeuka kurudi shambani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Niliporudi Lushoto niliandika ukurasa mmoja, nikauweka kwenye jalada la tukio lile, juu ya taarifa ya zamani, nikausaini. Upo, mnaweza kuuomba masjala.

Zawadi alinisindikiza hadi kituoni. Basi lilipokaribia alinipa mkono.

"Nashukuru kwa maneno ya mama," akasema. "Hapa usirudi tena."

Sijarudi.